Sivii Yangu na Jibu la Mama

Mtongwe, Likoni
9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Sabah,

Assalam alaykum, na shikamoo. Waonaje hali huko Maskati, wewe na wanao? Lile goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla tangu mama atutoke. Kila nikiamka nasikiliza kama amekohoa.

Kwenye simu uliniuliza mara mbili habari ya ile kazi ya hoteli kule Shanzu, nami mara mbili nikageuza maneno. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa matanga. Leo nakwambia yote, na barua nampa Najib anayerudi huko kesho, isipite masikioni mwa mtu.

Sivii, yale maelezo ya kazi zangu ya kuombea ajira, niliiandika kama ulivyonielekeza. Wallahi ilinitoa jasho kuliko sufuria ya kilo hamsini! Miaka kumi na tisa nimepika pilau na biriani za harusi Likoni nzima, kumbe sina hata karatasi moja ya kuonyesha. Nilipofika pale pa wadhamini, yaani watu wanaoijua kazi yangu, nimtaje nani mwingine? Nikaandika Bi Mwanakheri, mpishi mkuu wa shughuli, na nambari yake. Sikuandika kuwa ndiye aliyenizaa.

Wakampigia akiwa kitandani hospitali, nami namnywesha uji. Yule bwana wa hoteli akamuuliza kama kazi naiweza. Nawe wamjua mama. Tangu lini akamsifu mwanawe mbele ya mtu asiyemjua? Aliogopa nisije nikapatwa na jicho la hasidi. Akamjibu kwa adabu zake zote: "Huyo bado yuajifunza, mwanangu. Mumstahamilie."

Nilitaka kumpokonya simu, dada. Nilikasirika mno, na hasira hiyo ndiyo inayonila sasa. Maana alipomaliza alinitazama kwa furaha, akaniambia amenisemea vyema, nisiwe na wasiwasi. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Siku ya pili ukaja ujumbe kwamba wamemchukua mwenye ujuzi zaidi. Mama naye kila saa auliza, wamesemaje? Nikamdanganya. Nilimwambia nimepata, naanza mwezi ujao. Akainua mikono akaniombea dua ndefu, na kila aliyekuja kumtazama akaambiwa Ummi ameandikwa kazi hotelini. Siku tatu baadaye akafariki.

Basi matangani watu walinipa pole, kisha wakanipa hongera. Nikaitikia zote mbili. Ningefanyaje? Mwezi wenyewe umeingia, na Bi Dhahabu wa nyumba ya pili ameshaniuliza mbona bado nipo nyumbani. Uongo ni wangu mimi, lakini watu waliusikia kinywani mwa mama. Siwezi kustahamili neno lake la mwisho kwa majirani lionekane la uongo.

Kuna hoteli nyingine, huko huko Shanzu, inatafuta mpishi wa vyakula vya Kiswahili. Sivii nimeiandika upya. Nimeandika harusi moja moja, na idadi ya watu waliokula. Nilipofika kwenye jina la mama nikalifuta, halafu nikakaa pale saibani, dukani kwa kompyuta za kukodi, nalia mbele za watu, mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Nisalimie shemeji Hashim, na umbusu Mwanatatu wetu, umwambie bibi alimtaja. Mola akupeni siha na akulindeni ugenini, na mama amlaze pema.

Pale palipokuwa na jina lake nimeweka lako, kwa kuwa wewe ulipika naye kabla hujaolewa, na hakuna mwingine aliyebaki. Watakupigia wiki hii. Nakuomba, dada, nisifu. Nisifu waziwazi kama mtu baki, na hilo jicho niachie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Ummi