Chai ya Asubuhi Ile

Ntalikwa, Tabora
Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu Jilala,

Sisi hatujambo. Mahindi tumeshavuna, ila karanga zimeharibiwa na mvua za mwisho. Bajaji siku hizi zinafika mpaka kanisani.

Dada yetu Mhoja alifika salama na wanawe. Anakula kidogo.

Ametueleza yote. Mara mbili uliwaambia watu wa kijijini kwao wahame, wakahama na mbuzi wao, na ule mlima wa volkano ukakaa kimya, watu wakakucheka. Mara ya tatu mitambo yako ya kupimia mlima haikuonyesha dalili yoyote, ukawaambia wabaki. Asubuhi ile mlima ukalipuka. Mumewe, Masanja, alirudi kuwafungulia mbuzi, na hakutoka tena.

Wajomba wamesema usije kwenye arobaini. "Atatuambia nini huyo?" aliuliza mjomba mkubwa. Mimi sikukutetea. Sikufichi, nilikuwa na hasira nawe.

Mhoja alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Mlima ulipolipuka, Jilala alikuwa kwangu anakunywa chai. Alikuwa amempakata mwanangu mdogo. Angejua, mjomba, angekaa pale?"

Akaendelea na mchele wake.

Arobaini ni Jumamosi ijayo. Panda basi linalopitia Nzega. Huingia hapa saa tisa alasiri. Nilitaka kumtuma mtu akupokee stendi, lakini Mhoja amekataa. Anasema atakuja yeye mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Benedikta