Pedali ya Kulia Haisomi

Mbinga, Alhamisi

Shemeji Nicholaus,

Shikamoo. Kahawa tunachuma, na baridi imekaza mpaka mdogo wako Raimundi asubuhi anaburuza mguu.

Zile pedali ulizomletea, za mchezo wake wa kurusha ndege kwenye kompyuta, zimemnyima raha. Ya kulia, anasema, haisomi. Amebadilisha waya, amefuta programu na kuiweka upya, hata wewe ameshakutukana.

Jana alipokwenda shambani nilikaa kwenye kiti chake, nikakanyaga ya kulia. Mstari wa pedali hiyo kwenye kioo cha kompyuta ukapanda mpaka juu. Nikarudia, ukapanda tena.

Aliporudi nikamwomba ajaribu mbele yangu. Akakaza uso, akasema, "Unaona? Nimekanyaga mpaka mwisho."

Shemeji, nilikuwa nautazama mguu. Haukusogea.

Sijamwambia. Nikitaja hospitali anawaka. Na Jumamosi anatushusha Mbamba Bay kwa gari, mimi na watoto. Ule mteremko unaujua, na breki inakanyagwa kwa mguu huohuo.

Somoe wa dukani anakuja huko kwako Songea leo, nimempa hii mkononi. Njoo kesho, useme umekuja kutengeneza pedali.

Shemeji yako,
Devotha

Gari ameshalijaza mafuta.