Muuaji Anayechagua Wanyonge

Jumapili, 2 Juni
Banda la video limejaa tena. Kawajense nzima inajua, nikishika maiki mimi hata mbuzi wanasimama nje kusikiliza. Leo sehemu ya tano ya Babu Mundu, yule mzee anayefyeka watu kama nyasi. Kizungu sijui, niliishia form two. Haina shida. Natafsiri kwa macho. Wanaokufa nawapa majina ya watu waliokaa kwenye mabenchi, ndio utamu wenyewe. Hamisi kinyozi nimemuulia chooni. Pili wa maandazi nimemuulia kabatini. Pili kalia kweli. Banda hoi kwa kicheko.

Halafu Masanja akaharibu. Msukuma wa Kabungu huyo, anachunga ng'ombe za baba yake, mkono wake mnene kama paja langu. Akasimama: "Huyo babu yenu mwoga. Anaua watoto wa shule tu na wasichana waliojifunga kanga. Mleteeni mtu mzima!"

Watu wakacheka. Kwenye banda ninalotangaza mimi, wamechekeshwa na mwingine.

Jumatano, 5 Juni
Ubishi umehamia kijiweni kwa bodaboda. Nimewaambia: nyie, muuaji akipigwa hofu imekwisha, mtalipa kiingilio muangalie nini? Masanja akajibu taratibu kwamba muuaji asiyepata wa kupambana naye hatishi, anachosha. Simba akila ndama kila siku nani atamsifia? Wakampigia makofi. Hamisi naye! Niliyemuua chooni!

Mama Neema, mwenye banda, kaniambia Masanja ana sauti nzuri. Siku moja ajaribu maiki.

Maiki yangu ile. Sina kingine.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeiangalia sehemu ya sita mchana, peke yangu, banda limefungwa. Kuna mwanajeshi mkubwa kama kabati la nguo. Anapigana na Babu Mundu karibu filamu nzima. Anamvunja mkono. Halafu mwisho, aisee. Nimeurudisha nyuma nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikampigia Masanja. "Kaka, umeshinda. Jumapili nakuletea mtu mzima, na jina nampa lako. Njoo na mashemeji."

Akashukuru sana. Boya.

Jumapili, 9 Juni
Kaja na shemeji kweli, kaka wa binti anayetaka kumuoa. Benchi la mbele. Shati jeupe limepigwa pasi.

Yule mwanajeshi nikamwita Masanja, nikamnyanyua kwa sifa. Masanja anapiga! Masanja hatetemeki! Babu Mundu leo kakutana na wanaume! Banda zima linaimba jina lake. Shemeji anampiga piga begani. Yeye anatabasamu kama bwana harusi.

Kisha Babu Mundu akamdaka mguu.

Kwenye filamu yule mwanajeshi anakufa kimya, kauma meno. Mimi nikampa sauti. Tena ya Kisukuma, anamlilia mama yake. "Mayu wane! Mayu! Nisamehe babu, chukua ng'ombe zote! Chukua na mchumba!" Nikasema amejikojolea. Nikarudisha nyuma, nikamuua tena. Na tena. Watu wamedondoka kwenye mabenchi. Pili kacheka kuliko wote. Shemeji naye kacheka, halafu akaacha.

Masanja katoka. Hakugeuka nyuma.

Siku bora ya maisha yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Kijiweni wote "Mayu! Mayu!" Mama Neema hajataja tena habari ya kumjaribisha mtu maiki.

Alhamisi, 13 Juni
Namsubiri aje kunipiga. Nimeficha bomba la chuma chini ya meza ya spika. Na maneno ya kumjibu ninayo, makali, nimeyafanyia mazoezi. Lori la ng'ombe likipita tu nachungulia mlangoni. Naogopa. Hilo naandika humu tu.

Lakini pia raha. Akija, kesho yake mji mzima utasema alikuja kwa ajili yangu.

Jumapili, 16 Juni
Sehemu ya saba. Wamekufa wengi. Hakuna aliyebisha. Benchi la nyuma walikuwa wanachezea simu. Hamisi kasinzia.

Masanja hajaja.

Jumamosi, 22 Juni
Mnadani. Mama kanituma utumbo wa supu. Nikawaona kwenye lori la ng'ombe, Masanja na yule shemeji. Dume jeusi limegoma kupanda. Masanja akalishika pembe, akaligeuza shingo, dume likapiga magoti. Shemeji anasukuma nyuma, naye anamwita Masanja shemeji, wanacheka wote wawili.

Nikaganda. Nikajua leo ndio leo. Bomba nimeliacha bandani. Mkononi nina mfuko wa utumbo tu.

Akaniona. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia ndama wa jirani, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mdogo wangu. Sogea kidogo hapo, litakukanyaga."

Akarudi kwenye kazi yake.

Nikasogea.