Mtoto Niliyemtaja kwa Kijerumani

Mpendwa dada Getruda,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Jana nilipita Mkuyuni, kwenye kile chumba tulichosomea Kijerumani jioni, tukitaka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Nikakumbuka ulivyogombana na viwakilishi vyao. Kwetu "yeye" anatosha, mwanamume au mwanamke. Wao wanataka uchague: er wa kiume, sie wa kike. Halafu meza nayo ni er, na msichana, Mädchen, ni es kama kitu. Ulimuuliza mwalimu huyo mtoto wa watu amekosa nini.

Sie ndiyo ilikuchosha. Ni yeye wa kike, ni wao, na yenye herufi kubwa ni wewe wa heshima. Lakini ni wewe uliyenifumbulia, tukichambua mchele nyumbani Nyakato. Ulisema nitazame kitenzi kinachofuata: sie kommt, anakuja mama mmoja; sie kommen, wanakuja wengi; ikiwa na herufi kubwa, anaambiwa mtu kwa adabu. Binti yako Minza, aliyekuwa ameanza kuongea juzi tu, alirudia kila neno nyuma yetu.

Ila du, yaani wewe wa kawaida, ulikataa kumwambia mama. Mwalimu alisema mzazi ndiye du, na muuza duka usiyemjua ndiye Sie. Ukasema hao watu wameipindua heshima miguu juu. Ukaendelea kumwita mama Sie, naye akidhani anasalimiwa, akaitika marahaba. Tulicheka hadi mchele ukamwagika.

Kisha shinikizo la damu likakuangusha, tukakuzika Magu kabla ya mtihani. Nilikuchukia kwa kufa, dada. Zipo asubuhi bado nakuchukia. Baada ya matanga Minza alihamia kitandani kwangu, akaanza kuniita mama. Mama yetu hakumsahihisha, wala mimi. Mdogo wa mama ni mama. Nani kwetu angewaza vingine?

Mtihani nilifaulu. Nikapata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ukabaki usaili kwa simu ya video. Mama wa Kijerumani aliyenisaili alikuwa mpole, na nilimwita Sie bila kukosea. Akauliza kama nina mtoto. Nikajibu kama yeyote wa kwetu angejibu: ninaye, mmoja, wa kike. Nikamweleza anavyopenda wali na anavyoogopa mawimbi ya ziwa. Kumbe mwanzoni, ulipokuwa hai, nilikuwa nimeandika kwenye fomu zao kwamba sina. Uso wake ukabadilika, akaniaga kwa adabu.

Wakala wa safari aliniita ofisini kwake, Nyamagana. Akasema wananiona mwongo, lakini njia bado ipo: niwaambie nilikosea, mtoto ni wa marehemu.

"Si ndiyo ukweli?" akasema. "Huyo mtoto si wako."

Minza alikuwa kando yangu, ameshika gauni langu. Akaliachia.

Nilimtazama Minza. Niliiona Ujerumani yote tuliyoiota, mshahara, dawa za mama. Kisha nikamwambia yule bwana, "Ni wangu." Akainua mabega, akaita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Nafasi amepewa mwingine. Mimi nakata minofu ya sangara kiwandani, vidole vimepasuka kwa barafu. Neno la Kijerumani likinijia kichwani, nalifukuza. Sijuti, ila nina uchungu, na sina mtu mwingine wa kumwambia. Mama nikimwambia atajiona mzigo.

Jumapili nilimwonyesha Minza picha yako, ile ya kitambaa cha bluu. Akaitazama sana, akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mama yake. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi.

Nikageukia ukutani ili asinione. Pumzika, dada. Mtoto wako ninaye.

Mdogo wako