Bega ya Mama Rosalie na kuku ya Papa Magloire

Kibua, tarehe 12/3/2023

Mutoto wangu Plamedi,

Nakusalimia sana huko Goma. Salimia bibi yako Olga, salimia na kale katoto kenu Anne. Huku baba yako mudogo Émile iko muzima, anakohoa tu. Shangazi Joséphine-Marie anakusalimia. Ata mbuzi yako ilizaa.

Miye niko muzima, paka bega tu njo inanisumbua. Tangu Chantal muganga alinipiga sindano ya vaksini, ile chanjo, juu sana, karibu na mufupa, mukono wa kuume haupande. Jembe imenishinda. Chantal njo anakuja kila asubui kunifunga kitambaa ku kichwa: «Mama, leo uko kama bibi-arusi!» Tunacheka. Kiisha anaenda, nyumba inanyamaza.

Weye unakula muzuri?

Mama yako, Rosalie

Goma, 2/4/2023

Mama, jambo sana. Siye tuko bazima. Niliongea na avoka, mutu wa sheria. Kuko mufuko ya kulipa bantu wenye vaksini iliharibu bega yao. Na ile feza utatunzwa mukono huku Goma. Lakini Chantal aandike mu dosie, karatasi yako ya matibabu, kwamba alitoboa juu ya mahali inafaa. Mwezi wa sita ikiisha, hawapokei tena. Mama, usimuhurumie.

Mutoto wako, Plamedi

Kibua, 20/4/2023

Mwanangu, jambo. Gustave wa pikipiki alinifikishia barua.

Kuko neno sikukuambia. Papa Magloire, baba ya Chantal, alikuja na kuku. Chantal akapiga magoti. Tulikula pamoja, tukanawa mikono, maneno ikaisha. Niiokote tena namna gani? Na nani atakuja asubui? Baba yako iko mu udongo, weye uko mbali. Acha bega iume.

Mama yako

Kibua, 11/6/2023

Plamedi, jambo. Hukujibu. Uko na kasirani? Ao barabara njo ilizuia barua?

Maneno ya avoka ilinishinda, nikamupa Chantal barua yako anisomee tena. Nilisahau mwisho yake. Alisoma ata «usimuhurumie», kwa sauti. Kesho yake akaleta karatasi ameisha kuandika: «Mama, ile kuku ilikuwa ya kunisamehe. Haikuwa ya kulipa bega.» Nilikatala, akaiacha juu ya meza.

Wakubwa wake walisikia vile aliandika, wakamufukuza ku kazi. Ameenda Kingi kwa mujomba wake. Hakuniaga.

Karatasi yake iko ndani ya hii barua. Peleka kwa avoka leo leo. Nisikose mukono na Chantal vilevile. Jibu mbiyo, mwanangu, ata neno moja, kama ilifika.

Mama yako