Nyota Tano za Mafuriko

Amarante, Januari

Dada Odília,

Huku ni baridi tu, na nyumba ya mama kando ya mto inajaa watalii kila wikendi.

Juzi mto ulifurika. Mimi nilikuwa Porto, simu nimeizima. Bi Graciete, yule mpangaji niliyemtoa baada ya miaka arobaini ili niweke watalii, alishuka kwa miguu kutoka kwa binti yake mlimani, akawagongea mlango wageni waliokuwa wamelala humo. "Pandeni juu, wanangu! Maji yakifika ngazi ya tatu hayangoji mtu!" Akapandisha juu hata mazulia yangu.

Wageni wameandika mtandaoni: "Mwenye nyumba anajali sana. Alimtuma bibi mmoja atuokoe." Nyota tano.

Nimewajibu: "Asanteni, karibuni tena."

Kwa Bi Graciete bado sijakanyaga.

Mdogo wako,
Adérito