Baba Yake Zuhura

Kitale,
Alhamisi, 20 Februari.

Kaka yangu Absalom,

Nakusalimu wewe, wifi Agneta na wote hapo Tongaren. Natumai goti lako limepata nafuu na mahindi yameshaingia stoo. Mimi mwili ni mzima. Moyo sivyo, ndiyo maana naandika. Kwa simu ungelia, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza.

Mwanao Nakhumicha yu vilevile. Daktari anasema mkono umeanza kuunga, lakini miguu haisikii hata sindano. Jana alikunywa uji nusu kikombe, akanitania ati nimekonda mpaka watu watadhani mgonjwa ni mimi. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia.

Kaka, kazi yangu hapa shambani umeifanyia mzaha miaka mingi, ukisema naandika majina ya wajomba wa farasi. Ni kweli. Kila farasi ana ukurasa wake: baba, mama, babu, na watoto wao walikimbia wapi, kwenye nyasi laini au ardhi kavu, na walirudi vipi. Ukiusoma ukoo vizuri unajua mapema farasi atafaa uwanja gani. Watoto wa dume letu Jemedari wanaipenda ardhi ngumu. Wale wa Mtemi ni hodari kwenye nyasi yenye unyevu, lakini miguu yao haihimili ukavu; watatu walishavunjika. Bosi alikataza kabisa wasikimbizwe huko.

Zuhura tulimwandika mtoto wa Jemedari. Ndipo mwanao akapewa ampande, mbio zake za kwanza, kwenye uwanja ambao haujaona mvua tangu Krismasi. Kwenye kona ya mwisho mguu wa mbele ulikatika, na farasi akamwangukia. Zuhura alipigwa risasi palepale.

Wewe ulisema Kiplangat, mtunzaji wake, alimpigilia viatu ovyo. Ukaandikisha polisi. Bosi akamfukuza, amerudi kwao Cheptais, na Jumatatu anatakiwa kituoni. Ulipokuwa ukimtukana nilikuwa nimesimama kando yako, na sikusema neno.

Kiplangat hana kosa. Mama yake Zuhura alipandwa na madume yote mawili wiki moja, ua lilipoanguka, kwa hiyo baadaye tulipeleka damu ya mtoto ipimwe. Majibu yalinifikia Jumanne kabla ya mbio. Baba ni Mtemi. Siku hiyo hiyo ulikuwa umenipigia ukicheka, ukisema kanisa zima linamwombea. Nakhumicha alikuwa amengoja nafasi hiyo miaka mitatu. Nikajiambia si kila mtoto wa Mtemi huvunjika, nikaifungia bahasha kwenye droo mpaka mbio zipite.

Kinachonimaliza ni kwamba kila asubuhi mwanao ananishika mkono, ananiita senge, shangazi yake mpendwa, na kuniomba msamaha. Anaamini alivuta hatamu vibaya akamuua farasi.

Kesho nitamwambia mwenyewe, kisha nipeleke majibu polisi. Wasiponizuia, nitakwenda Cheptais kwa Kiplangat.

Tafadhali njoo upesi. Wauguzi ni wachache, na lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo utaoza. Mafuta yako chini ya mto. Sidhani atakubali tena nimguse.

Msalimie mama, ila barua hii usimsomee.

Ni mimi dada yako, kama bado utaniita hivyo,
Fridah.